Sosi ya soya imegoma? Angalia chupa, kisha moto, kisha muda

Jumapili moja hapa Moshi nilikuwa na kuku watatu kwenye mkaa na wageni wameshakaa. Nikaonja sosi yangu ya soya, ulimi ukakataa. Chumvi tupu. Nikaongeza sukari; ikawa tamu, chumvi ikabaki palepale. Nikaongeza siki kukata utamu, nikaongeza maji kupunguza ukali wa siki, nikaongeza konfulawa, ule wanga wa mahindi wa kushikisha mchuzi, kwa sababu ya maji. Sufuria ikajaa, na kuku wakaliwa kwa ndimu na kachumbari.

Jioni, vyombo vikiwa vimeoshwa, ndipo nilipoonja soya yenyewe, tone moja kwenye kiganja. Ilikuwa chupa mpya ya aina nyingine, yenye chumvi kali kuliko niliyoizoea. Kosa lilikuwa limefanyika kabla sijawasha jiko, na vyote nilivyoongeza baadaye vilikuwa vinatibu ugonjwa ambao haukuwepo.

Tangu siku ile sosi ikinigomea sigusi kopo la sukari kwanza. Najiuliza tatizo limezaliwa wapi: ndani ya chupa, juu ya moto, au baada ya kuipua. Ukishapajua, dawa huwa moja, tena ndogo.

Kipimo ninachoanzia

Sosi ninayoizungumzia ni ya mtindo wa teriyaki ya Japani, ile ya kupaka kuku, mishkaki na samaki, au ya kumwagia wali. Jina lenyewe linaeleza kazi: "teri" ni mng'ao, "yaki" ni kuchoma. Wajapani hutumia soya, sukari na pombe mbili za mchele, sake na mirin, wakaiacha ipungue motoni mpaka ing'ae bila unga wowote. Kwetu pombe hizo ni ghali na ni adimu, na wengine hawazitumii kwa sababu ya imani, kwa hiyo sukari, siki kidogo na konfulawa ndivyo vinavyoshika nafasi yake.

Nusu kikombe cha soya sosi, nusu kikombe cha maji, vijiko vinne vya chakula vya sukari, kijiko kimoja cha siki, punje tatu za kitunguu swaumu zilizopondwa, na tangawizi iliyokunwa ya kujaa kijiko cha chai. Chemsha kwa dakika tano hivi. Kisha koroga kijiko kimoja cha konfulawa kwenye vijiko viwili vya maji baridi, mimina, koroga hadi ishike. Watu wanane hadi kumi wanatosheka. Sukari ya TPC inayotoka hapa jirani, Arusha Chini, inafanya kazi vizuri. Sukari guru nayo inaongeza rangi na harufu ya muwa.

Ina chumvi mno

Anza na chupa. Soya sosi haitengenezwi kwa njia moja. Iliyochachushwa hutokana na soya na ngano vilivyooteshwa ukungu maalumu, vikalowekwa kwenye maji ya chumvi kwa miezi mingi. Chumvi yake ni nyingi, lakini inakuja na harufu na utamu wa mbali unaoibeba. Nyingine hutengenezwa kwa siku chache tu: protini ya soya inavunjwa kwa asidi, kisha inatiwa chumvi na rangi ya karameli. Hii inachoma ulimi moja kwa moja, na mara nyingi ndiyo ya bei nafuu kwenye rafu. Sisemi usiinunue, mimi mwenyewe naitumia mwezi ukiwa umekaza. Ila kipimo chake si kilekile. Anza na robo kikombe kwa robo tatu ya maji, uonje, ndipo uongeze.

Kuna pia soya nyeusi nzito ya Kichina, na kuna ile tamu ya Kiindonesia, kecap manis, nzito kama asali. Ukitumia hiyo tamu na bado ukatia sukari vijiko vinne, umetengeneza peremende. Ndiyo maana nasema tone kwenye kiganja kwanza, kila chupa mpya.

Kama chupa ni ileile ya siku zote na leo imezidi chumvi, tazama moto. Sosi inapochemka kinachoondoka ni maji. Chumvi haiendi popote. Ukiipunguza hadi nusu, chumvi kwenye kila kijiko imekuwa mara mbili. Aliyeonja mwanzoni akaona "iko sawa" atashangaa baada ya dakika kumi na tano. Onja mwanzoni ikiwa inapwaya kidogo, ili mwishoni ifike.

Tazama na nyama yenyewe. Kuku aliyelala usiku kucha kwenye chumvi na kidonge cha supu hahitaji sosi hii iwe na nguvu. Mimi siku hizi kuku wa soya simtii chumvi kabisa.

Kutibu: kile kiazi kinachotumbukizwa ili "kinyonye chumvi" hakichagui chumvi. Kinanyonya mchuzi wote kama ulivyo, kinachobaki kina chumvi ileile. Kinachosaidia ni kuongeza visivyo na chumvi kwa uwiano: nusu kikombe cha maji, vijiko viwili vya sukari, nusu kijiko cha siki, kisha konfulawa kidogo kurudisha uzito. Au usiiongeze chochote, ila igeuze kazi: badala ya kumwagia, paka kiduchu juu ya ndizi za kuchoma zisizo na chumvi.

Na onja kwa chakula, usionje kwa kijiko kitupu. Nachukua tonge la wali mweupe, natia tone. Huku tuna mchele wa Lower Moshi, kwenye mashamba ya umwagiliaji yaliyojengwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 1980, na naona unaibeba sosi hii vizuri sana. Sosi ambayo kwenye kijiko ni kali, kwenye wali inaweza kuwa sawasawa.

Kwa nyumba yenye mgonjwa wa presha neno hili nalisema kwa uzito: kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi ya kawaida kina chumvi inayozidi gramu 2, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Bibi apakuliwe kuku wake kabla hajapakwa. Na kwa sababu soya nyingi zina ngano ndani yake, asiyeelewana na ngano au soya naye asipewe.

Haishiki, iko maji tu

Mdogo wangu anaishi Arusha, na alinipigia simu sosi ikiwa jikoni.

"Dada, mbona haishiki? Nimetia konfulawa kijiko kizima."

"Imetokota?"

"Inatoa mvuke."

"Mvuke siyo kutokota, mdogo wangu. Nataka kusikia mapovu makubwa, plo, plo, plo, mpaka katikati ya sufuria."

Akaisogeza simu karibu na jiko, nikasikia kimya. Tukangoja. Mapovu yalipoanza akahesabu dakika moja, akapiga kelele kwamba mwiko umeanza kuacha njia.

Konfulawa huanza kuvimba maji yakiwa moto kiasi, lakini hufika uzito wake kamili karibu na nyuzi 95. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, na maji huko yanachemka kwenye nyuzi 95 au zaidi kidogo. Moshi, tulio chini zaidi, ni 97 hivi. Maana yake mwenzangu wa Arusha hana akiba ya joto. Akiipua sosi ikiwa inatoa mvuke tu, ameipua kabla haijafika. Sukari nayo inachelewesha, kwa sababu inagombea maji na wanga, ndiyo maana sosi tamu sana huchukua muda kushika. Isubiri itokote kweli, uipe dakika moja hadi mbili huku unakoroga taratibu.

Kabla hujaongeza konfulawa, dondosha tone kwenye sahani baridi, uinamishe. Sosi ya moto hudanganya. Inashika zaidi ikipoa. Tone likiteremka polepole na kuacha utando unaong'aa, imefika. Wengi wanaolalamika kwamba sosi imekuwa jeli mezani waliihukumu ikiwa inachemka.

Huenda pia kasoro ni unga wenyewe. Unga wa ngano unashika, lakini unahitaji kama mara mbili, na sosi inafifia, mng'ao unapotea. Unga wa muhogo wa sokoni ni muhogo mzima uliokaushwa na kusagwa, si wanga mtupu, kwa hiyo sosi inakuwa na ukungu na inavutika. Mimi nikikosa konfulawa situmii unga wowote. Naacha sosi ipungue yenyewe kwa moto mdogo kama wafanyavyo wenye sosi yao, na naanza na soya pungufu kwa sababu ile ya chumvi.

Ilishika, halafu ikarudi kuwa maji

Hili ndilo linalowasumbua watu zaidi, na ndilo ninalopenda kulifuatilia, kwa sababu chanzo chake hakionekani.

Cha kwanza ni mate. Kwenye mate kuna kimeng'enya kinachovunja wanga. Ndicho kinachofanya mkate ukitafunwa muda mrefu uwe mtamu. Mtu akionja kwa kijiko, akakirudisha kijiko hichohicho sufuriani, sosi iliyopoa itaendelea kumeng'enywa taratibu hadi kesho. Nililijua hili nyumbani: kila sosi iliyowekwa kwenye bakuli la mezani ililainika, na ile ya kwenye chupa haikulainika. Tofauti ilikuwa kijiko cha mwanangu, alama ya meno bado iko kwenye mpini. Sasa kuna kijiko cha kumwagia, na kingine cha kuonjea.

Cha pili ni asali. Asali mbichi ina kimeng'enya cha namna hiyohiyo. Ukipenda asali badala ya sukari, itie mwanzoni ichemke pamoja na soya, ndipo konfulawa ifuate. Ukiitia mwishoni "isipoteze faida", utaamka umepata mchuzi.

Cha tatu ni siki au ndimu iliyochemshwa na wanga kwa muda mrefu. Asidi na moto vinakata wanga. Siki kidogo haina neno; nyingi itie ukishaipua.

Na cha nne ni mkono. Wanga ukishashika, kuukoroga kwa nguvu na kuuchemsha robo saa nzima kunapasua vile vichembe vilivyovimba, navyo vinaachia maji. Ikishashika, ipua.

Sosi iliyogandishwa kwenye friza nayo inatoa maji ikiyeyuka. Hiyo haijaharibika, ichemshe tena na konfulawa kidogo.

Kutibu zote ni kulekule: chemsha itokote vizuri kwanza, kwa sababu joto linaua kimeng'enya, ndipo utie konfulawa mpya iliyokorogwa kwa maji baridi. Ukitia bila kuchemsha, kile kilichokula wanga wa kwanza kitakula na wa pili.

Madonge

Konfulawa imetiwa kavu, au imekorogwa kwa maji ya moto. Chuja. Hakuna zaidi.

Ina uchungu

Uchungu karibu kila mara umetoka kwenye kitunguu swaumu kilichoungua au sukari iliyopita. Kitunguu swaumu kilichopondwa, ukianza kwa kukikaanga kwenye mafuta, kinaungua upesi mno, hasa kwenye jiko la mkaa ambalo halina kitufe cha kupunguza. Kikigeuka rangi ya dhahabu kiko sawa. Kikiwa kahawia iliyokoza, uchungu umeshaingia kwenye mafuta na hautoki. Usimwage soya yako juu yake. Futa sufuria, anza upya na punje nyingine tatu. Ni hasara ndogo kuliko kuharibu nusu kikombe cha soya.

Kwa mkaa, nachota majivu na kuyanyunyiza juu ya makaa, nafunga kidirisha cha chini, nangoja mkono uweze kukaa juu ya jiko nikihesabu hadi tano. Hapo ndipo kitunguu swaumu kinaingia. Au unakipita kabisa kikaango: tia kitunguu swaumu na tangawizi moja kwa moja kwenye soya na maji. Ladha ni tofauti kidogo, mbichi zaidi, na mimi naipenda kwa samaki.

Kama si uchungu bali ni ladha ya chuma, angalia sufuria. Zile za alumini hazielewani na chumvi pamoja na siki. Ukiacha sosi humo usiku kucha inachukua ladha ya chuma, na sufuria inabaki na vitobo vidogo kama ndui. Kupikia haina neno. Ikipoa, hamishia kwenye chupa ya kioo.

Haina ile harufu ya Kiasia

Umetia mafuta ya ufuta na hakuna kitu. Mafuta yanayotumika kwenye mapishi haya ni ya ufuta uliokaangwa kabla ya kukamuliwa, yana rangi ya kahawia. Ya kwetu mengi yanakamuliwa ufuta ukiwa mbichi. Ni meupe, mazuri, lakini hayana harufu hiyo. Kaanga ufuta mkavu kwenye kikaango hadi uanze kurukaruka, uponde kwenye kinu kidogo, tia kijiko kimoja kwenye sosi ukishaipua. Ukiwa nayo yale ya kahawia, tia kijiko cha chai tu, nayo pia mwishoni. Harufu yake haistahimili moto. Mafuta yakielea juu si kasoro. Tikisa.

Inaungua kwenye nyama kabla nyama haijaiva

Hapa sosi haina kosa. Sukari inaungua haraka kuliko paja la kuku linavyoiva, basi. Choma kuku mkavu, au aliyepakwa mafuta na kitunguu swaumu tu, hadi aive hadi mfupani. Makaa yakishavaa jivu jeupe, paka sosi tabaka jembamba, geuza, paka tena, geuza. Dakika tano za mwisho zinatosha. Mapovu madogo yakitokea juu ya ngozi na harufu ya karameli ikapanda, huo ndio wakati. Ukienda kuitikia hodi, utakuta nyeusi. Mishkaki iliyolala kwenye soya yenye sukari ifute kwa karatasi kabla ya kuiweka mkaani.

Tena gawa sosi katika mabakuli mawili tangu mwanzo, la kupakia na la mezani. Brashi iliyogusa nyama mbichi isiingie kwenye bakuli la mezani, na iliyobaki kwenye bakuli la kupakia imwagwe au ichemshwe itokote. Wageni wangapi wameharishwa na kitu wakidhani ni pilipili.

Kama umelowekea nyama kwenye sosi yenye nanasi bichi na sasa inakatika kama maini, nanasi ndilo lililokula nyama. Lina kimeng'enya cha kuvunja protini. Tangawizi mbichi nayo inacho, kwa upole zaidi. Nusu saa inatosha kwa nanasi, au tumia la kuchemshwa.

Imebadilika ikiwa kwenye chupa

Soya yenyewe hukaa muda mrefu kwa sababu ya chumvi yake, na watu wanadhani sosi yao itakaa hivyohivyo. Haikai. Umeshaiongezea maji, wanga, kitunguu swaumu na tangawizi. Ndani ya friji naihesabia wiki moja, na umeme ukikatika siku nzima nazihesabu chache zaidi. Nje ya friji, siku ileile.

Ukifungua kifuniko kikatoa "psss", au ukaona mapovu madogo yanapanda pembeni, imechacha. Utando mweupe juu, harufu ya pombe, madoa ya ukungu: mwaga yote, usiondoe ya juu tu. Na msiweke akiba ya kitunguu swaumu ndani ya mafuta mezani kwa ajili ya sosi ya kesho. Bakteria wanaotengeneza sumu ya botulizimu wanapenda mahali palipokosa hewa kama pale, na sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Kuna badiliko moja linalowatisha watu bure. Unakuta punje za kitunguu swaumu zimekuwa kijani au bluu ndani ya sosi yenye siki. Ni viini vya salfa vya kitunguu swaumu vilivyokutana na asidi, hasa kikiwa kimetoka kwenye baridi. Jirani yangu alikuwa ameshaiinamisha chupa kwenye shimo la taka nilipomshika mkono. Tulinusa, tukaonja, ilikuwa ileile ya jana, na mchana ule tuliila kwa ndizi za kuchoma.